Roboti "amekufa" au "imekufa"? Nimekwama kurasa za mwisho, naombeni msaada

Mkalimani Mchovu (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni.

Mimi humu huwa mtu wa kupita, nasoma, nacheka, naondoka. Leo nimebanwa. Kuna vijana wa chuo wana kikundi chao cha maigizo, wameniomba niwatafsirie tamthilia ya zamani ya Kicheki, R.U.R. ya Karel Čapek, iliyochapishwa mwaka 1920 na kuonyeshwa Prague Januari 1921. Ndiyo iliyolileta duniani neno roboti. Malipo yangu ni soda na nauli ya daladala, nilikubali kwa mapenzi tu. Nimetembea vizuri mpaka kurasa kumi za mwisho. Hapo nina wiki ya pili, sisogei.

Kinachonikwamisha ni herufi moja. A au I.

Kwa ambao hamuijui hadithi: kisiwani kuna kiwanda kinachotengeneza wafanyakazi. Sahau bati na nyaya, hawa wa Čapek ni wa nyama. Kuna mapipa ya kukorogea maini na bongo, kuna mitambo ya kusokota neva na mishipa kama kiwanda cha nguo. Wanauzwa dunia nzima, wanafanya kila kazi, binadamu wanakaa tu mpaka wanaacha hata kuzaa. Bibi mmoja anaitwa Helena, mke wa mkurugenzi Domin, anamwomba daktari wa kiwanda awabadilishe kidogo wawe na hisia. Daktari anakubali. Baadaye wanaasi, wanaua watu wote, wanambakiza Alquist, mkuu wa ujenzi, kwa sababu naye ni mtu wa kazi za mikono kama wao. Sasa balaa: Helena alishaichoma karatasi ya siri ya utengenezaji. Roboti haziishi zaidi ya miaka ishirini hivi na hazizai. Zinakwisha.

Mmeona? Nimeandika "wanaua", sentensi mbili mbele nikaandika "haziishi". Wallahi sikupanga. Ndiyo shida yenyewe hiyo.

Mwisho wake sasa. Mzee Alquist kabaki na maabara, anaambiwa itafute siri, hata kwa kupasua walio hai. Alfajiri moja anasikia kicheko. Ni roboti wawili, Primus na mwenzake aliyetengenezwa kwa sura ya yule Helena. Anawajaribu. Anasema atampeleka Helena kwenye chumba cha kupasulia. Primus anakataa, anasema nichukue mimi. Haya, twende wewe. Helena analia, anasema nichukue mimi. Mzee anawaachia waende zao, wawe wazazi wa dunia mpya.

Kiingereza kinaweza kuzunguka na viwakilishi vyake vitatu, cha mwanamume, cha mwanamke na cha kitu. Sisi mume na mke hatuwatenganishi kwenye kitenzi. Tuna ukuta mmoja tu: watu na wanyama upande huu, vitu upande ule, na kila kitenzi kinapita mlangoni kuonyesha kitambulisho. Nikianza na "a" ukurasa wa kwanza, mwisho umekufa, maana tulishakubali ni watu. Nikianza na "i" halafu nibadilishe, nibadilishe wapi? Kwenye kicheko? Kwenye chozi? Na nani kanipa mimi mamlaka hayo?

Nimegundua pia kwamba filamu nyingi za aina hii mwisho wake umejengwa juu ya ukuta huohuo. Chukua Ex Machina ya 2014. Roboti Ava anamfungia kijana wa watu ndani, anapanda helikopta, anakwenda kusimama kwenye njia panda ya mjini katikati ya wapita njia. Sema kwa Kiswahili: ametoroka? Au imetoroka? Ukisema "ametoroka" umemshangilia mfungwa aliyevunja gereza. Ukisema "imetoroka" umeshapiga simu polisi.

Karibuni.

---

Ngoja Waje

Ngoja waje.

---

Steling Hafi

Mkuu umenikumbusha mbali. Miaka ya tisini mwishoni mtaani kwetu kulikuwa na kibanda umiza, mabenchi ya mbao, joto la kukaanga, na jamaa mmoja mwenye maiki anatafsiri picha mwanzo mwisho. Kiingereza chenyewe nadhani alikuwa anakibahatisha, ila mdomo alikuwa nao.

Alipoweka Terminator ya kwanza, ile ya 1984 ambayo Arnold Schwarzenegger ni adui, jamaa hakuwahi kusema "yeye" hata mara moja. Ilikuwa "lile", "hilo linakuja", "limeungua lakini linatambaa jamani". LI mwanzo mpaka mwisho. Sisi watoto tumepanda juu ya mabenchi.

Wiki iliyofuata ya pili, ya 1991. Arnold huyohuyo, sura hiyohiyo, koti la ngozi, sasa analinda mtoto. Mnakumbuka mwisho, kule kwenye kiwanda cha chuma. Hawezi kujiua mwenyewe, hakuundwa hivyo, anaomba ateremshwe na mnyororo kwenye chuma kilichoyeyuka. Mtoto analia anamkataza. Anashuka taratibu mpaka unabaki mkono, kidole gumba juu. Mtafsiri aliyekuwa haachi kuongea hata sekunde, hapo alinyamaza. Kimya kibanda kizima, unasikia feni tu. Halafu akasema neno moja: "Amekwenda."

Wala hakusema amekufa. Amekwenda, kama anavyosemwa mzee wa mtaa.

Nje ukazuka ugomvi, maana sheria ya kibanda ni moja: steling hafi. Na hapa kafa mbele ya macho yetu, kwa kiingilio chetu. Tukakaribia kupigana, mpaka mkubwa wetu mmoja akatoa hukumu: "Steling hafi. Ile ilikuwa mashine, imezimwa." Wote tukaridhika, sheria ikapona. Lakini njiani kurudi nyumbani huyohuyo mkubwa alikuwa anajifuta macho na mkono wa shati.

---

Mwalimu wa Zamu

Mleta mada, naomba nitie neno kama mtu aliyefundisha sarufi miaka mingi.

Unaposema ukuta ni mmoja, watu na wanyama huku, vitu kule, unatupunguzia mambo. Ngeli haifuati pumzi. Mti unakua, unakunywa maji, unakufa, na bado ni U-I. Jini hana mwili, hana damu, na tunasema jini amempanda. Malaika vivyo hivyo. Wala kusema maneno hakumpandishi mtu cheo: katika ngano zetu boga linasema, linamfukuza mtoto mpaka mtoni, na bado ni boga "likasema". Jiwe "likajibu". Hakuna mtoto aliyewahi kumsahihisha bibi yake.

Sasa angalia methali: zimwi likujualo halikuli likakwisha. Zimwi lina akili, lina njaa, linakujua kwa jina lako, na bado ni LI. Na binadamu kamili, mwenye kitambulisho cha taifa, akituudhi tunamshusha palepale: "lijamaa lile limekuja tena." Hatujamfanyia uchunguzi wa damu. Tumeamua tunataka kukaa naye umbali gani.

Kwa hiyo yule mtafsiri wa kibanda alikuwa mwanasarufi kuliko sisi. Picha ya kwanza aliliogopa, ya pili alimpenda. Mashine haikubadilika.

Ushauri wangu: acha kutafuta ngeli ya roboti. Tafuta ngeli ya kila msemaji. Domin aseme yake, Helena yake, Alquist yake. Na wenyewe wakijisema, wana "ni" na "tu", ambazo hazina ngeli kabisa.

---

Mkalimani Mchovu

Mwalimu, heshima yako. Hiyo ya "ni" na "tu" sikuwa nimeiona. Primus anaposema "nichukue mimi", hakuna ngeli ndani yake. Nimeandika pembeni.

---

Zege Halilali

Mmenikosha, ila hamjamgusa mwenye uwanja. Blade Runner, 1982. Pale viumbe vya kutengenezwa vinaishi miaka minne tu, na polisi wakiviua hawasemi kuua, wanasema kustaafisha. Yaani unastaafishwa kwa risasi, bila hata kikokotoo.

Filamu ile ina miisho zaidi ya mmoja. Ya sinema mwaka 1982 ilimaliza kwa Deckard, polisi anayewawinda, na Rachael, bibie wa kutengenezwa, kwenye gari, milima ya kijani, na sauti ya jamaa inakuhakikishia kwamba bibie hana tarehe ya kuisha. Picha za milima yenyewe ziliazimwa kwenye mabaki ya filamu ya mtu mwingine, Stanley Kubrick, alizopiga kwa ajili ya The Shining! Mwaka 1992 likatoka toleo la mwongozaji: milima imekatwa, sauti imekatwa, ikaingizwa ndoto ya farasi mwenye pembe moja. Mwishoni Deckard anaokota sakafuni farasi huyohuyo wa karatasi aliyekunjwa na polisi mwenzake. Maana yake polisi wanajua anachoota. Maana yake ndoto yake iliwekwa na fundi. Lifti inafungwa, giza. Toleo la 2007 nalo linamalizia hivyohivyo.

Mpaka leo wanabishana. Mwongozaji, Ridley Scott, anasema Deckard naye ni wa kutengenezwa. Harrison Ford aliyemwigiza alishikilia miaka mingi kuwa ni mtu. Hebu fikirieni, miaka yote hiyo mwenye sura na mwenye kamera hawakukubaliana kama yule jamaa anakula A au I.

Kwa Kiswahili fumbo hili linakaa vizuri sana, maana "a" ya Deckard inaficha yote mawili. Utasema "ameingia kwenye lifti" na hakuna atakayekuuliza kitu.

Na yule Roy, kiongozi wao, anayekufa kwenye mvua juu ya paa baada ya kumwokoa mtu aliyekuja kumuua. Maneno yake ya mwisho, Rutger Hauer aliyapunguza na kuyaongezea mwenyewe, yale ya machozi ndani ya mvua ni ya kwake. Mwigizaji kampa roboti kauli ambayo mwandishi hakuwa nayo.

---

Mzee wa Brno

Wanangu, nimepitia uzi wote. Mimi nilisoma Brno, Chekoslovakia, miaka ya themanini, lugha yao bado ninayo kidogo. Mkalimani, unatafsiri kutoka lugha gani?

---

Mkalimani Mchovu

Shikamoo mzee. Kutoka Kiingereza, lile toleo la miaka ya 1920.

---

Mzee wa Brno

Marahaba. Nilihofia hilo.

Toleo hilo lilikatwakatwa, na mwisho ndio ulioumia zaidi. Kwenye lako mzee Alquist anawaaga wale wawili, anawaambia dunia ni yenu, pazia. Sivyo? Kwenye Kicheki wakishatoka anabaki peke yake, anafungua Biblia, anasoma Mwanzo: "Mungu akaumba mtu kwa mfano wake, kwa mfano wa Mungu alimwumba, mwanamume na mwanamke aliwaumba." Kisha anaomboleza kwa kirefu, kila walichojenga binadamu kimekwisha, na anamalizia na maneno ya mzee Simeoni kwenye Luka: sasa, Bwana, wamruhusu mtumishi wako. Neno la mwisho kabisa la tamthilia ni kwamba uhai hautapotea. Hilo usiwanyime vijana.

La pili, kuhusu herufi yako. Usidhani ni ugonjwa wa Waswahili peke yao. Kicheki nacho kinatenganisha nomino za kiume zenye uhai na zisizo na uhai. Roboti wa Čapek kwa wingi ni roboti, umbo la wenye uhai. Mashine za jikoni za kukandia unga kwa wingi ni roboty, umbo la vitu. Kwa hiyo sisi tulipolikopa neno na kulitia irabu yetu mwishoni, kwa bahati tu tumeangukia umbo lao la wenye uhai. Nimecheka peke yangu hapa.

La tatu. Neno lenyewe hakulitunga Karel, alipewa na kaka yake Josef, mchoraji. Yeye alikuwa anafikiria kuwaita labori. Na robota kwa Kicheki ni siku za kazi ambazo mkulima alilazimika kumfanyia bwana shamba, kazi ya shuruti, iliyofutwa mwaka 1848. Watazamaji wa Prague mwaka 1921 walipolisikia neno roboti hawakuwaza chuma. Waliwaza mababu zao wameinama shambani kwa mtu. Sisi tukilisikia tunawaza kopo linalotembea. Hapo ndipo tafsiri yako inapovuja, mwanangu, hata kabla hujafika kwenye A na I.

---

Kibarua wa Data

Wadau, niko Nairobi, niruhusuni.

Hii mambo ya mpaka wa mtu na kitu, mimi nimelipwa kuuchora. Sifanyi utani. Miaka miwili kazi yangu ilikuwa kukaa mbele ya skrini nichore visanduku juu ya picha za barabarani. Hiki kisanduku ni mtu, hiki ni gari, hiki ni mti, ili gari la kujiendesha huko ng'ambo lijifunze. Mtu juu ya baiskeli: kisanduku kimoja au viwili? Mwongozo ulikuwa unabadilika kila wiki. Jamaa amebeba godoro kichwani, mashine ilikuwa imemkadiria kuwa ni fanicha. Nikamrudisha kwenye watu kwa kipanya. Dakika moja, picha inayofuata.

Mnasikia watu wakisema mashine imejifunza yenyewe. Mwaka 2023 ilitoka habari kubwa kuhusu vijana wa hapa Kenya waliolipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma maandishi machafu, ya ubakaji na mauaji, wayatie alama, ili programu ya kuzungumza ijue kitu cha kutosema. Kwa hiyo ile roboti yenu ikikujibu kwa adabu, kuna mtu alilala na jinamizi ili iwe hivyo. Filamu hazionyeshi huyo mtu. Zinaonyesha tajiri mmoja kwenye nyumba ya vioo msituni.

Na kazini jina langu hakuna aliyelijua. Nilikuwa na namba ya akaunti. Msimamizi anaandika kwenye kundi: namba fulani iko chini leo. "Iko", sio "yuko". Nilikuwa sijawahi kuifikiria mpaka nimesoma uzi huu.

---

Ngoja Waje

Wamekuja.

---

Binti Muheza

Kaka wa Nairobi, umenitoa machozi, na umenipa jibu la mleta mada.

Babu yangu mzaa mama alitoka Kigoma akiwa kijana, akaletwa Tanga kukata mkonge. Wenyewe waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alipewa namba yake. Kuna wazee walioletwa na SILABU, ile ofisi ya kuajiri vibarua wa mkonge, kwa malori na treni, wakipangwa kambi kwa kambi, na kipande mkononi kinachotiwa alama kwa kila siku ya kazi. Babu alikuwa anatuhadithia akiwa amekunja mguu mkekani. Alisema jioni mnyapara alikuwa anamtolea mzungu hesabu, na hakusema watu wangapi wamerudi. Alisema, "Namba arobaini na mbili zimerudi, tatu zinaumwa." Tatu zinaumwa! Sisi wajukuu tulikuwa tunacheka, tunadhani babu anakosea Kiswahili kwa sababu ni Muha.

Sasa mleta mada, neno la Kiswahili la roboti unalo tangu zamani. Ni manamba. Kazi ya shuruti, shamba la bwana, mtu aliyegeuzwa hesabu. Umerudisha kile ambacho mzee wa Brno anasema kinavuja.

---

Zege Halilali

Dada hapana, hapa napinga. Manamba walikuwa watu wa damu, babu zetu. Leo unampeleka kijana jukwaani anaigiza kiumbe cha kukorogwa kwenye pipa, unamwita manamba. Huoni unawarudishia wazee tusi lilelile?

---

Binti Muheza

Tusi ni la nani, kaka? Aliyesema "zinaumwa" ni mnyapara. Mimi namtaka huyo mnyapara apande jukwaani aseme tena, mbele ya watu, tumsikie. Babu yangu hajawahi kulionea aibu jina la manamba. Alikuwa akigombana na mtu anasema, "Mimi manamba, nimekata mkonge, utanifanya nini wewe?"

---

Zege Halilali

Hapo umenifunga. Ila jina la tamthilia lisibadilike.

---

Mwana wa Likoni

Nimechelewa kufika lakini naona nyote mwaenda njia moja: kitu kinapanda kuwa mtu. Kuna mwisho unaokwenda kinyume na hamjautaja, na wenyewe una jina la Kiswahili. Pumzi, ya Wanuri Kahiu, Mkenya, ya mwaka 2009, dakika kama ishirini tu. Baada ya vita vya maji watu waishi ndani ya jengo lililofungwa. Jasho lako lakusanywa ulinywe tena, umeme watoka kwenye mazoezi ya miili ya watu, ukiota ndoto waambiwa meza dawa. Yaani watu wameshakuwa sehemu za mtambo. Asha anapata udongo wenye uhai, anaotesha mche, anatoroka nao jangwani. Mwisho anaupanda, anaumiminia maji yake yote, analala kuufunika na mwili wake. Hapo alipolala panamea mti.

Mtu akawa mti. Irabu moja. Kutoka A-WA kushuka U-I, kama mwalimu alivyosema juu ya mti. Na sikumwona mtu yeyote aliyemhurumia Asha kwamba kateremshwa cheo. Mimi nilitoka nikiwa na kiu, basi.

---

Mwalimu wa Zamu

Mwana wa Likoni, umenivua kofia. Mtu na mti. Nimefundisha jozi hiyo darasa la tatu miaka yote kama zoezi la tahajia.

---

Mkalimani Mchovu

Wakuu, sijui niwashukuruje. Usiku huu nimerudi ukurasa wa kwanza, nimeanza kufumua. Nilivyofanya mpaka sasa:

Jina roboti nimeliacha, kwa sababu ndilo wanalojiita wenyewe wakishaasi, na kwa sababu ya Zege. Lakini humo kiwandani, kwenye maagizo ya mauzo na ripoti za Domin, wanaitwa manamba, na Domin anasema kama mnyapara wa Muheza: manamba hizi, zimepakiwa, zinafaa, tatu zinaumwa. Anasema kwa ucheshi, ni mtu mwenye adabu zake, anakunywa chai. Helena anafika kisiwani anamsahihisha, "hawa", yeye anatabasamu na kurudia "hizi". Alquist peke yake simpi ngeli yoyote kwa muda mrefu. Ni kazi ngumu kweli, namfanya aseme "kazi imekwisha", "ukuta umepanda", anazunguka wafanyakazi asiwataje. Mtu anayejua jambo na hataki kulisema.

Mwisho nimeurudisha wa Kicheki, na Biblia yake.

Kilichobaki ni mstari wa kuwaaga tu. Bado nahisi mahali fulani napaswa kuonyesha kwamba mzee amevuka ule ukuta, na sioni pa kuweka ile "a".

---

Alquist wa Kikundi

Shikamooni wakubwa. Mimi ndiye naigiza Alquist, kaka Mkalimani alinitumia kiungo cha uzi huu. Naomba niwape taarifa ya mazoezi ya jana, labda itasaidia.

Tulikuwa ukumbini saa mbili usiku, umeme umekatika, tunatumia tochi za simu. Mlinzi wa jengo, mzee mmoja mpole, alikuwa amesimama mlangoni anasubiri tumalize afunge. Nikafika kwenye mstari wa mwisho. Nikawatazama wenzangu wawili nikasema kama ilivyoandikwa: "Nenda, Adamu. Nenda, Hawa."

Yule mzee mlinzi hakuwa anafuatilia mchezo. Nadhani alisikia neno la mwisho tu. Akamulika tochi yake kule gizani walikokuwa wanaelekea Primus na Helena, akauliza kwa sauti:

"Hawa ni kina nani?"

Tukacheka mpaka tukakaa chini. Halafu dada anayeigiza Helena akanyamaza ghafla, akasema, "Jamani, Domin si alikuwa anasema hizi?"

---

Mkalimani Mchovu

Usiguse huo mstari. Hata nukta.

Na huyo mzee mwekeeni kiti cha mbele.